Sufuria ya Cucu, Siku ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Maabara, Thika. Gome la muthiga, ule mti wa dawa, tena, mara ya nne. Maji ya zambarau ya kipimo yakigeuka manjano, mti una nguvu. Yamefifia kidogo tu. Msimamizi wangu amekunja uso. Nisipopata kitu kufikia Ijumaa, muthiga unatolewa kwenye utafiti. Miezi saba! Nimekasirika hata chakula hakikupita.

Jioni, nyumbani Kimbo. Cucu, nyanya mwenye ploti ninakopanga, ndiye hunipa gome, na mwenyewe hulichemsha kama dawa. Huliulizia kama mtoto aliyeenda shule ya bweni. Nimegundua sisi wa maabara tunachemsha mara moja na kutupa. Yeye ni sufuria moja, gome lile lile, kila asubuhi anaongeza maji, Jumatatu hadi Ijumaa. Mbona sijawahi kulipima hivyo? Nimeomba kikombe cha dawa yake kila siku.

Jumanne, 4 Machi
Kikombe cha jana, wastani. Cha leo, dhaifu. Nilijua. Hata hivyo nimeanza sufuria yangu hapa maabara, kwa gome alilonipa yeye. Nataka tu kuona.

Jumatano, 5 Machi
Kikombe cha Cucu cha leo, manjano! Dakika mbili tu! Nimerudia mara tatu. Gome lililochoka, siku ya tatu, linashinda jipya. Msimamizi amekuja kuichungulia rangi mwenyewe, na kwake hiyo ni sifa. Nimeimba kwenye korido. Lakini kwa nini?

Alhamisi, 6 Machi
Kikombe cha Cucu, manjano. Sufuria yangu imefikisha siku ya tatu. Zambarau tupu.
Kuna kitu anafanya ambacho mimi sifanyi. Msimamizi ameshaanza kuandika ripoti. Kesho naanzia jikoni kwa Cucu.

Ijumaa, 7 Machi
Saa kumi na mbili asubuhi. Ameongeza maji. Kisha akafungua mkebe, akatia kijiko kizima cha majani ya chai. Nikaduwaa. Chai huyageuza yale maji ya zambarau kuwa manjano upesi sana, hilo tunalijua sote.
“Si ni majani tu,” akasema. “Kuanzia siku ya tatu rangi inaisha. Mzee wangu alikuwa anakataa kunywa, ati nampea maji ya kuosha sufuria. Nikiweka majani, anamaliza. Sikuwahi kumwambia.”
Mumewe alifariki kabla sijahamia hapa. Cucu bado anatia.
Nimemweleza msimamizi ukweli. Muthiga umetolewa. Nimelia kidogo chooni, nikaosha vyombo.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa nimemweleza Cucu yote. Gome lake ni dhaifu kwa kipimo chetu. Majani ya chai ndiyo yenye nguvu. Sikusema yanaponya, kwa sababu sijui.
Cucu akauliza, “Kwa hivyo siku zile nilikuwa namdanganya, ndio alikuwa anapata kitu?”
Nimesema ndiyo, kulingana na yale maji ya zambarau.
Amejifuta macho kwa leso, akacheka. Ameshakata gome la kesho. Mkebe wa majani ameuweka kando ya jiko, tayari kwa siku ya kwanza.