Binti Asiyekuwamo Kitabuni

Shikamoo, Mama Neema. Najua marahaba haitarudi. Barua hii nitaisoma mbele ya wasomaji wako waliokusanyika kukukumbuka, nao watanisamehe, kwa sababu nimekuja kukulalamikia.

Uliiongoza maktaba yetu ya Babati tangu nikiwa mwanafunzi wa kukaa sakafuni, hadi nikawa msaidizi wako, ukaniachia kiti. Ukaniachia na vikapu! Kila siku ya mnada wanawake wa vijiji vya Mutuka na Bonga waliweka mizigo yao katika chumba cha kusomea, kuku wakiwemo. Sharti lako lilikuwa moja: anayefuata kikapu chake akae kwanza, asikilize ukurasa mmoja. Niliponung'unika ulinijibu, "Mwanangu, mwenye kikapu lazima arudi."

Ulipoondoka, mkubwa mmoja alikuja kukagua, akakanyaga kinyesi cha kuku, akauliza kama hii ni maktaba au stoo. Akasema chumba kisipokuwa na wasomaji kitageuzwa ukumbi wa mikutano. Nikaviondoa vikapu. Chumba kikang'aa, kikabaki kitupu.

Ndipo Mama Paulina wa Mutuka akanijia mlangoni: "Mwalimu, usafi wako tumeuona. Yule binti alimpata ng'ombe wake, au hakumpata?"

Binti gani, Mama Neema? Hukuniambia mlikuwa mnasoma nini. Nilipekua kila rafu bila mafanikio, mpaka Mama Paulina mwenyewe akakitambua kitabu kwa jalada lake. Ni mwongozo wa ufugaji wa kuku! Nimeusoma wote. Chanjo zimo, mabanda yamo, binti hayumo. Miaka yote hiyo ulikuwa unafungua ukurasa na kutunga, uso mkavu kama wa hakimu, nami chumba cha pili napokea vitabu, sina habari.

Nilipomweleza Mama Paulina, nikitarajia atahuzunika, alicheka hadi akashika ukuta. "Tulijua! Kitabu gani kingemtaja mume wangu kwa jina?"

Kumbe mjinga nilikuwa mimi peke yangu.

Basi sikiliza. Mkubwa yule anarudi siku ya mnada ujao. Vikapu atavikuta ndani, na wenye vikapu wameketi. Kuku watafungwa nje. Waingie ndani, sikubali hata ungefufuka ukanibembeleza. Nitakishika kitabu chako cha kuku, nami nitaendelea palepale ulipoishia.

Pumzika kwa amani, Mama. Ng'ombe wa binti yule atapatikana, nakuahidi. Ila hatapatikana mapema.