Kiti Kinachotazama Nyuma

Iringa,
3 Juni 1958

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya Iringa mwezi huu inaingia mpaka kwenye wino. Mguu wako unaendeleaje? Kidonda kimeanza kufunga? Na mke wangu Tupokigwe je? Yeye huniandikia mistari mitatu tu, na yote mitatu inasema hajambo, kwa hiyo siiamini hata mmoja.

Huku kazini limekuja jambo. Bwana Pirie, yule mhandisi wa umeme ninayempigia taipu, ameletewa gari lisilokunywa petroli. Linakwenda kwa betri. Jioni huunganishwa na waya ukutani, na asubuhi limeshiba. Ni dogo, ukilipita haraka utadhani ni kabati. Mwezi ujao litapakiwa kwenye lori kwenda kwenye maonyesho ya kilimo huko Mbeya, nami nimepewa kazi ya kutafsiri kitabu chake ili watu wasome. Basi kila siku nakaa ndani yake nusu saa, nimevua viatu, nikiogopa kuacha alama.

Baba, wewe ni seremala, ungelia. Viti vimevikwa kitambaa cha kijivu chenye mistari, kinene kama blanketi jipya. Ukikaa hakikurushi wala hakikumezi, kinakupokea. Darini kumeshonwa kitambaa cha rangi ya maziwa, bila kunyanzi hata moja. Ukifungua mlango, taa ndogo inajiwasha yenyewe. Siku ya kwanza nilidhani nimeharibu kitu nikatoka mbio. Miguuni kuna kisanduku kinachopumua hewa ya moto. Na likienda halingurumi kabisa. Juzi Bwana alinizungusha uwanjani, nikasikia saa yangu ya mkononi ikihesabu.

Lakini ajabu yake ni hii: kiti cha nyuma kinatazama nyuma. Wa mbele na wa nyuma wanapeana migongo, katikati yao ni egemeo moja tu. Wa mbele wanaingia kwa mlango wa mbele, wa nyuma kwa mlango wa nyuma. Hata Bwana hajui ni kwa nini.

Msalimie mke wangu kupitia dada Atuganile, maana mila haiwaruhusu nyinyi wawili kuonana wala kusemezana.

Mwanao,
Isakwisa


Igawilo,
13 Juni 1958

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshika rula. Hukuniambia lililo muhimu. Fremu ya kiti ni mti au chuma? Chini kuna springi au mikanda? Hilo egemeo limejazwa nini? Wewe umeniletea rangi ya kitambaa kama bibi harusi. Gari lenyewe nalipenda. Limetengenezwa na mtu aliyegombana na mkewe asubuhi.

Sasa nisikilize. Mguu haujafunga. Mganga wa hospitali anataka anisafishe kila Alhamisi. Alhamisi iliyopita nilipanda basi la Zubery, na mkeo alikuwa ndani, anakwenda kupimwa. Sikujua. Aliponiona akajifunika kanga usoni, akateremka kwa mlango wa nyuma, na basi likaondoka. Zubery ananiambia, “Mzee, abiria wangu amekukimbia, unamdai nini?” Nikamwambia ni mkwe wangu. Akasema, “Basi nyinyi Wanyakyusa mnunue mabasi mawili.”

Isakwisa, alitembea mpaka Mbeya kwenye manyunyu, na tumbo lile. Wewe unajua mtoto wa kwanza tulimzika. Muuguzi amekuwa mkali: asitembee tena, na tarehe kumi Julai awe hospitali, asubiri hukohuko mpaka ajifungue. Mimi nimesema sitapanda basi tena, mguu uoze. Naye amemwambia Atuganile kwamba kama mimi naoza kwa ajili yake, haendi. Mama yako angekuwa hai angetupatanisha. Sasa tuko wawili wakaidi na ua wa migomba katikati yetu.

Baba yako,
Jailos


Iringa,
20 Juni 1958

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu barua yako sijalala vizuri, lakini mwili ni mzima. Pole kwa mguu. Naomba usiseme tena neno la kuoza.

Nimewaza jambo, nami naogopa kuliandika. Gari litafika Mbeya tarehe nane. Maonyesho ni tarehe kumi na mbili. Alhamisi, tarehe kumi, litakuwa halina kazi. Kutoka mjini mpaka Igawilo na kurudi, betri inatosha.

Nimepima kwa uzi. Egemeo linapanda mpaka juu ya masikio yako. Ukikaa mbele na yeye nyuma, hamwezi kuonana hata mkitaka. Kuna kioo kidogo juu ya dereva. Nilikaa mahali pako nikakitazama kwa pembe zote. Kinaonyesha dirisha la nyuma na nywele za aliyekaa huko, basi ajifunike kichwa. Ninachokihofia ni ukimya. Humo ndani mtasikiana mkipumua. Je, hilo linaruhusiwa?

Fremu ni chuma chembamba. Ndani ya egemeo kuna springi safu moja, zinazotumika pande zote mbili, na juu yake mpira laini wenye vitundu. Nilichungulia kwa chini, Bwana alipokwenda kula.

Sijamwomba bado. Nimekwenda mlangoni kwake mara mbili, na mara zote mbili nimemwomba anisainie barua tu. Karani aliyenitangulia aliomba baiskeli ya ofisi kwa siku moja, na leo anauza vitunguu sokoni. Mimi siwezi kuuza vitunguu, Baba. Hata bei siwezi kuitaja kwa sauti.

Mwanao,
Isakwisa


Igawilo,
26 Juni 1958

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ina kurasa nne: tatu za woga na moja ya vipimo. Ile ya vipimo ni nzuri. Springi moja kwa migongo miwili! Nimekaa na hilo siku nzima, nikaacha randa.

Umeuliza kuhusu mila. Mkwe akikutana nami njiani, anageuka, ananipa mgongo, anainama mpaka nipite. Hiyo ndiyo heshima yake kwangu, na kwa tumbo lile inamvunja kiuno. Gari hilo linampa nafasi ya kunipa mgongo akiwa amekaa kwenye blanketi jipya, na moto miguuni. Aliyelichora hatumjui, lakini alilelewa vizuri. Kuhusu kupumua, hakuna mzee aliyewahi kukataza.

Mkeo amekubali. Ametoa sharti moja kupitia Atuganile: yeye aingie kwanza na ashuke mwisho, kwa mlango wake.

Umebaki wewe. Ulimwogopa mwalimu, ukamwogopa mchungaji, ukamwogopa hata jogoo wa jirani yetu Andendekisye. Mke hukumwogopa kumchumbia, nami namshukuru Mungu, maana umechagua vema. Kauze vitunguu ikibidi, tutakula vitakavyobaki.

Baba yako,
Jailos


Iringa,
30 Juni 1958

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka, gari la posta linaondoka saa nane. Natumaini nyote mmeamka salama.

Nimeomba. Niliandika maneno yote kwenye karatasi kwanza, kwa Kiingereza, nikayasoma nikiwa nimesimama. Nilieleza mila, basi, manyunyu, na mtoto tuliyemzika. Bwana Pirie alivua miwani, akaifuta. Kisha akasema, “Karani, tangu nilete gari hili kila mtu ananicheka kwa ajili ya kiti kile. Wewe ndiye wa kwanza kunieleza faida yake.”

Ataliendesha mwenyewe. Mimi nabaki kulinda ofisi. Alhamisi saa tatu asubuhi, kando ya barabara, hapo kanisani. Tafadhali mfute miguu. Kitambaa cha viti ni cha rangi nyepesi, na kitabu kinasema kisiloweshwe.

Mwanao,
Isakwisa


Igawilo,
13 Julai 1958

Mwanangu,

Marahaba. Nakujua, utaruka mistari, kwa hiyo natanguliza: mkeo mzima. Mtoto mzima, wa kike, amezaliwa Alhamisi hiyohiyo saa saba mchana, ana sauti ya kuamsha kijiji. Sasa kaa, usome polepole.

Bwana wako alifika kwa wakati. Tupokigwe aliingia na Atuganile, mlango wao ukafungwa, ndipo mimi nikatoka nyuma ya kanisa. Nilikaa. Isakwisa, miaka thelathini natengeneza viti na sikujua kukaa ni nini. Nilipapasa dari kama mtoto. Taa nikaiwasha mara tatu kwa kufungua mlango, Bwana akicheka. Tukaondoka bila sauti, kama tunateleza juu ya maji.

Kabla ya Uyole nikasikia mgongo wangu umesukumwa. Si tikisiko la barabara. Ni msukumo mrefu, ukaja, ukakaa, ukaachia. Nikadhani anajiweka sawa. Baadaye kidogo ukaja tena. Nyuma kimya, hata Atuganile hakujua. Mkeo alikuwa anauma kanga, asilie mbele ya baba mkwe. Wa tatu ulipokuja nikaelewa.

Pale Uyole Bwana akasimamisha gari. Watu walikuwa wamejaa, naye akaanza kuwaeleza habari za betri. Mimi, mzee wa kanisa, nifanyeje? Kumtaja mkwe wangu na jambo lile mbele ya mgeni, wanaume wote wakinitazama? Ukaja wa nne. Nikapiga kelele, “Bwana, twende! Mtoto anakuja, kiti kimeniambia!” Wakacheka wote. Yeye hakucheka. Alizima ule moto wa miguuni ili nguvu yote iende kwenye magurudumu, akakanyaga.

Njia yote ya kupanda mpaka hospitali, kila aliposukuma, nami niliegemea nyuma kwa nguvu zangu zote, nimekaza mguu mbovu kwenye sakafu, ili zile springi zisimkimbie, apate pa kujikazia. Sikugeuka. Hakusema. Tulifika hivyo, maili kwa maili.

Kiti kimelowa. Mengine muulize dada yako. Nilimwambia Bwana nitakivika upya kwa mikono yangu. Akasema kitakauka, na jana watu walipanga foleni kukikalia.

Leo Atuganile ametoka wodini na salamu. Amesema, “Wifi anamwambia Baba: asante kwa mgongo.”

Sikumjibu, hatusemezani. Mguu umesafishwa, usiuulize. Omba ruhusa uje. Safari hii usisome kwenye karatasi.

Babu,
Jailos