Mama, Huo Si Utani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa haraka, maana dada mmoja wa Morogoro anayefanya kazi nyumba ya jirani anarudi kesho, na amekubali kuibeba barua hii mpaka kwa mdogo wangu Asha, Mikumi. Asha ataileta mwenyewe hapo Kilosa na kukusomea, kwa kuwa ile miwani yako najua bado unaitafuta. Asha, soma yote, usiruke hata pale utakapoona aibu.

Magoti yanasemaje, mama? Bado unaamka kukanda unga wa maandazi hata kukiwa na baridi? Mimi huku Muscat mwili ni mzima. Kazi ni ile ile, joto ni lile lile, na mama mwenye nyumba bado anaona chumvi yangu nyingi. Roho ndiyo haijatulia, na sababu ni mwanangu Mwanaidi.

Usiseme nimeanza tena. Kwenye simu kila nikigusia jambo hili unacheka, na simu yako ukiweka sauti ya nje mtaa mzima wa Mabwerebwere unasikia, wakiwemo wanaohusika. Tangu Ijumaa haipatikani kabisa. Asha nampata kwa simu, ila akikueleza yeye utacheka vile vile; ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ilianza na maandazi. Shani na Pili, wajukuu wa Bi Tausi, wakawa wanamnyang'anya mwanangu andazi lake la mapumziko. Ulinihadithia mwenyewe huku ukicheka, nami nikacheka, kwa sababu ukoo wa Bi Tausi ni watani zetu tangu enzi za mababu, na mtani akichukua chako amechukua. Zikafuata ndala. Akarudi peku, mkacheka. Halafu siku moja nikamwona kwenye simu amejifunga kitambaa kichwani.

"Mwana, kitambaa cha nini?"

"Watani wamenikata nywele."

Zile nywele ulizomsuka mtindo wa twende kilioni, mama, upande mmoja hazipo. Nikakusikia nyuma yake: "Si watani zake hao? Wa kukasirikiwa hao? Uarabuni kumekusahaulisha kwenu." Mtoto hakucheka. Nilimtazama vizuri, hakucheka hata kidogo.

Ijumaa iliyopita ulikuwa umetoka kwenda kwa jirani, simu ukamwachia. Akasogeza mdomo karibu kabisa, akaninong'oneza: "Mama, mvua zikianza watanizika."

"Nani kasema?"

"Shani. Amesema watani ndio wanaotuzika. Nikamuuliza bibi, bibi akasema ni kweli."

Ulimjibu hivyo, mama, na najua ulidhani anakuuliza habari za msiba wa babu. Aliona kwa macho yake watani walivyoingia kaburini wakalala, wakakataa kutoka mpaka wapewe chochote, na watu wazima waliotoka kulia wakaanza kucheka. Kwa hiyo akili yake ya miaka minane imekubali kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba zamu yake inakuja.

Nikambana taratibu, akanieleza. Wakitoka shule wanampeleka kule pembeni ya mto Mkondoa, kwenye mashimo wanakochimba udongo wa tofali. Wanamlaza shimoni wanamfukia. Akilia, udongo unatiwa mdomoni. Mara ya kwanza ulikuwa miguuni tu. "Juzi ulifika hapa," akanionesha kidevu. Na wamemwambia wanangoja mvua, udongo ulainike.

Mama, mimi na wewe tunaujua ule mto. Tunajua mvua ikinyesha milimani, Kilosa kukiwa kukavu, maji yanavyokuja bila hodi na kuyajaza mashimo yale yote. Watoto wale pengine hawajafikiria hivyo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sasa nisikilize. Mimi utani naujua, nimelelewa nao. Mwajuma wa Bi Tausi aliniibia mtandio siku ya Idi, nami nikaingia jikoni kwao nikaondoka na sufuria la maharage, na tukala pamoja tukicheka. Nilipougua malaria utani ulisimama, akaniletea uji. Nilimuuliza Mwanaidi, "Na wewe umewahi kuwatania wao?" Akashangaa, kana kwamba nimemuuliza kama amewahi kuruka angani. Utani una kwenda na kurudi, na hufanywa mbele za watu. Hawa wanafanya mafichoni, wakubwa wawili kwa mdogo mmoja, na wamemkataza kusema. Huo ni uonevu umevaa nguo ya utani, na sisi wakubwa ndio tuliouvisha.

Hapa ninapofanya kazi, mtoto wa mwisho alikuja akasema kuna mwenzake anamfinya darasani. Mama yake aliweka simu chini, akapiga magoti, akamsikiliza mpaka mwisho. Nikabaki nimesimama na sahani mkononi, wivu umenijaa.

Nakuomba, Asha akimaliza kusoma, umwite Mwanaidi ukae naye peke yenu. Mwambie kuogopa kwake ni haki, na kusema si umbea. Mfundishe kusema "sitaki" kwa sauti, na kukimbilia kwa mtu mzima yeyote aliye karibu. Ukamwone mwalimu wake. Asiende wala kurudi shule peke yake. Kisha nenda kwa Bi Tausi bila ugomvi. Yeye ni mtani wa kweli, na akisikia habari ya shimo hatacheka. Hao mabinti nao wasipigwe, waulizwe wameyatoa wapi. Kama wewe hutaki, sema tu, Asha aondoke naye kwenda Mikumi siku hiyo hiyo. Nitakasirika lakini nitaelewa.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa Rudewa, mwambie mahindi yake nayaota. Bi Tausi mpe shikamoo yangu kwanza, kabla ya hayo mengine. Na wote wanaoniulizia waambie nipo.

Leo asubuhi Asha ameniambia Mikumi wingu limefunga na huko milimani kunanguruma.

Kabla simu haijakatika Ijumaa ile, nilimwambia mwanangu, "Wakikushika tena, kimbia kwa bibi umwambie." Akaniuliza, "Na bibi akicheka?"

Jibu hilo unalo wewe.

Mwanao akupendaye,
Rehema