Soksi ya Kumfundisha Mama Yako Kutambaa

Mjukuu wangu Naserian,

Marahaba, ingawa umesahau kuniamkia. Hapa Moshono tu wazima, ng'ombe kazaa, na bibi yako bado ananifichia ugoro.

Unauliza kama midoli laini ya kuchezea itamsaidia mwanao, maana miezi tisa hajatambaa. Mama yako Ruthi naye alichelewa, shangazi zangu wakaanza kunong'ona. Nikajaza maganda makavu ya mahindi kwenye soksi yangu (ilifuliwa, usikunje pua), nikaishona. Ukiibonyeza inachakacha. Mtoto akinyoosha mkono, mimi baba mwema nampelekea. Wiki mbili nikawa napiga magoti sakafuni.

Bibi yako akasema, "Baba Ruthi, mbona anayetambaa ni wewe?"

Akaiweka soksi shubiri moja mbele ya mtoto, akanikalisha kigodani. Mtoto akalia. Nilipotaka kuinuka, bibi yako akanikanyaga mguu. Ruthi akanyamaza, akaitazama soksi, akajivuta kwa tumbo mpaka akaifikia, akaitia mdomoni.

Basi nunua, na kliniki umpeleke pia, maana mimi niliishia darasa la nne. Ila mumeo akitaka kuinuka, mkanyage.

Babu yako, mwenye soksi moja hadi leo.