Mguu Juu ya Mpira

Kaka Mansuri,

Tulifundishwa tangu wadogo kwamba mtu akipita makaburini huwasalimu waliolala humo. Mimi kaburi lako sijalipita. Liko Dar na mimi niko Guangzhou, nimekaa juu ya katoni za wanasesere ndani ya stoo yetu ya Dengfeng, na ninakusalimu kutokea hapa. Assalamu alaykum, kaka. Udongo sikukutia. Nilikusindikiza ukiwa ndani ya jeneza hadi uwanja wa ndege, nikakabidhi makaratasi, nikarudi kusubiri mzigo, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa ukisema lazima mmoja wetu abaki na mzigo. Basi nimebaki nao. Bado nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Yule mama wa mtaa wa Yide Lu anayetuuzia madoli aliniuliza uko wapi. Kichina changu unakijua, ni cha bei na cha kukataa. Nikamwambia "meyo", hakuna, neno lile lile wanalotujibu wao mzigo ukiisha. Akaelewa. Akaweka kikokotoo chake pembeni, akanimiminia chai, na siku hiyo hatukubishana bei hata kidogo. Mgahawani kwa Mama Nasri bado wanatuwekea ile pilipili yako mezani. Tunaila. Utatusamehe.

Lakini sikukuandikia habari za pilipili. Nimekuandikia kwa sababu ya Nadhir.

Mwanao ndiye namba kumi wa timu yetu ya mpira sasa. Tangu aje kusoma hapa alikuwa akiba wako, amekaa benchi anakutazama wewe, mzee mzima uliyepita arobaini, kocha na mchezaji kwa pamoja, ukichechemea katikati ya uwanja huku vijana wanakuhudumia kama sultani. Nilikuuliza siku moja kama mtoto anaweza au tunamlea tu kwa sababu ni wako. Ukasema, "Huyo usiniulize mimi. Mimi ni babake, jicho langu halina haki. Utampima wewe." Kisha ukaagiza sambusa. Nilidhani ni maneno ya kupita, ya mtu mwenye njaa.

Jana tulicheza mechi ya kirafiki na Wakongo, kule Baiyun, kwenye ile nyasi bandia inayounguza nyayo. Kombe letu la kila mwaka linakaribia, na hii ilikuwa mechi ya kujaribu kikosi. Kabla ya kuanza tulisimama duara, tukakusomea Fatiha. Wakongo wakasimama nasi wameinamisha vichwa, na nahodha wao akasema maneno ya Kifaransa ambayo sikuyaelewa ila sauti yake ilikuwa nzuri. Halafu Bakari, yule wa Mombasa, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa timu, akafungua mfuko akatoa jezi yako. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Akamvisha Nadhir. Watu wazima wakaanza kufuta macho. Kocha ni mimi, angalau kwa jina, lakini hakuna aliyeniuliza kuhusu jezi.

Nikusimulie alivyocheza, kwa maana najua ndilo unalotaka kulisikia.

Mpira wa kwanza ulimjia akiwa ameligeuzia mgongo lango lao. Akageuka nao kwa mguso mmoja, akawapita wawili, na kabla wa tatu hajajua afanye nini akausukuma kwenye uwazi ambao mimi nilikuwa sijauona. Mshambuliaji wetu akaupaisha juu, kama kawaida yake. Benchi wakasema "haya, haya," basi. Mimi nilisimama. Ile haikuwa yako. Wewe hukuwahi kuwa na kasi ile hata ulipokuwa kijana wa Temeke, usinibishie. Ile ilikuwa yake mwenyewe, na niliiona kwa macho yangu.

Mpira wa pili ulipomfikia, akauwekea mguu juu.

Unajua ninachosema. Mguu juu ya mpira, mkono wa kushoto hewani kama trafiki anayezuia magari, na uwanja mzima unasubiri. Kitu chako. Uwanja ulilipuka. "Mansuri! Mansuri!" Bakari alikuwa analia waziwazi, na Mama Nasri, ambaye alikuja na vyombo vya chakula na hajui hata mpira una wachezaji wangapi, alikuwa analia naye. Na mimi nililia. Sitakuficha. Kwa muda ule mfupi ulikuwepo pale.

Kuanzia hapo akawa anafanya hivyo kila anapoupata. Anausimamisha, ananyanyua mkono, watu wanapiga kelele, na washambuliaji wetu waliokwisha kuanza kukimbia wanajikuta wameotea. Wakongo si wajinga. Kipindi cha pili kiungo wao, lile jitu la miraba minne, lilikuwa linamngoja tu asimame, linamchukulia mpira taratibu kama mtu anayepokea chenji. Tulishinda moja bila, bao la kona lililomgonga beki wao goti. Kwa sababu tulishinda, hakuna aliyeona.

Hawa wote wanaamini ulikuwa unasimama kwa maarifa. Sisi wawili tunajua kwamba nyonga ilikuwa imekwisha. Tukirudi na teksi ulikuwa unajinyoosha kiti chote cha nyuma, mimi nakunjwa mbele na mabegi, na ulinicheka ukasema, "Hamza, nausimamisha mpira nipumue, wao wanadhani nafikiri." Nilicheka hadi dereva akacheka bila kujua tunachekea nini. Sasa mtoto wa miaka kumi na tisa, ana miguu yote miwili mizima, anachechemea kwa kuiga.

Sisi ni watu wa mzigo. Sampuli inawekwa juu ya meza, imepanguswa, na laobani, mwenye duka, anakupa kwa mikono miwili. Wewe ulikuwa hununui mpaka umefungua katoni ya katikati, hata wakununie. Jana watu wote walinunua kwa sampuli, tena sampuli ya bidhaa ambayo kiwanda chake kimefungwa.

Tulipofika kwa Mama Nasri nilitegemea sheria yako itafuatwa. Unaikumbuka, ulituwekea mwenyewe: tukimpima mchezaji mpya, kila mtu ataje kosa moja kabla hajagusa sahani, na sifa zije baada ya pilau. Jana sifa zilitangulia hata maji ya kunawa. Nilifungua kinywa kutaja kosa. Bakari akaniwekea mkono begani, akasema, "Huyu ni Mansuri mzima mzima. Wataka nini tena weye?" Meza nzima ikaitikia. Nadhir alikuwa ameinama kwenye sahani yake, na kila likitajwa jina lako alikuwa anatabasamu kidogo, kwa siri, kama mtu anayehesabiwa.

Halafu Bakari akatoa kubwa. Alikuwa amemtumia kocha wa klabu moja ya mji mwingine video fupi, ile ya mguu juu ya mpira na watu wakipiga kelele. Wamesema aje afanye nao mazoezi hadi mwisho wa msimu, na jibu wanalitaka wiki hii. Kwenda maana yake ni kuacha chuo. Kuacha chuo maana yake viza ya masomo inakufa. Wakimpenda, vizuri, watamtafutia makaratasi yao. Wasipompenda, hana chuo, hana klabu, hana ruhusa ya kukaa, na atashuka Dar na begi la viatu. Yote haya yalisemwa katikati ya vicheko, mtu anaomba apitishiwe kachumbari.

Shemeji Rukia ameshapata habari. Bado yuko eda, hatoki, na simu ndiyo dirisha lake. Alinitumia ujumbe wa sauti asubuhi, nimeusikiliza mara nyingi. "Shemeji, mimi mpira siujui. Marehemu aliniambia jicho analoliamini ni lako. Ukisema aende, nitamruhusu. Ukisema asiende, nitamkatalia mimi, na atanikasirikia mimi." Mwanamke amefiwa na bado ananibebea lawama yangu. Nilikaa na simu mkononi nikatamani ungekuwa hai nikugombeze. Ulinipa mzigo wa mtoto wako huku unakula sambusa.

Leo mchana Nadhir alikuja stoo kunisaidia kufunga katoni. Yeye anashika vifuniko, mimi napitisha utepe wa gundi. Mwishowe nikamuuliza kama nyonga inamuuma. Akacheka, akasema hapana, kwa nini imuume. Nikamuuliza basi mbona anasimama. Akachukua kifuniko kingine. Nikaona hajui, nikaanza kumweleza, polepole, kwamba babake alikuwa anasimama kwa maumivu, kwamba kile wanachokipigia makofi kilikuwa ni mtu anatafuta pumzi.

"Najua, Ba'mdogo," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namkanda."

Sikujua kwamba alikuwa anakukanda. Nilidhani siri ile ni yangu na yako tu, na nikajiona mjinga, mtu mzima nimevimba kichwa kwa kitu ambacho mtoto alikuwa anakishika kwa mikono yake kila baada ya mechi. Nikamuuliza, kama anajua, mbona anafanya. Akawa anakwangua ukingo wa katoni kwa ukucha.

"Nikiuwekea mguu, wote wanalitaja jina lake. Uliwasikia. Nikikimbia, halitaji mtu."

Niliipitisha ile gundi kwenye katoni ambayo nilikuwa nimeshaifunga. Nilimvuta nikamkumbatia, na yeye ni mrefu kuliko mimi, kidevu changu kikamgonga kifuani, na tulisimama vile katikati ya wanasesere wako mpaka mzee wa Kichina wa stoo ya jirani akachungulia, akatuona, akarudi zake.

Halafu ilibidi nimwambie nililoliona, kwa sababu ndiyo kazi uliyoniachia. Nilimwambia jana nilimwona yeye mara moja tu, mpira wa kwanza, na kwamba mpira ule sitausahau. Baada ya hapo sikumwona tena, nilimwona babake, na babake nilikuwa namjua tayari. Nikamwambia mtu hawezi kwenda kwa wageni na mpira mmoja, na wale wageni wameitwa na mguu usiokuwa wake. Wakimwambia asimame, atasimama. Wakimwona hana kitu kingine, watamrudisha, na atadhani ni yeye waliyemkataa.

"Kwa hiyo mimi si kitu?" akauliza.

Nikasema sijasema hivyo, nimesema sijamwona yeye. Akasema kwake ni yale yale. Alimalizia kufunga katoni zilizobaki, zote, vizuri, kona kwa kona, maana umemlea. Akanawa mikono akaondoka bila kuaga. Chai niliyomwagizia ilipoa.

Nimempigia Shemeji nikamwambia asiende sasa. Amalize mwaka wake, acheze kombe, tumfungue katikati tuone kilichomo. Alishusha pumzi akasema "sawa, shemeji," na sikuweza kujua kama ni pumzi ya kushukuru au ya kuumia. Bakari amesikia, amekuja hadi mlangoni kwangu kuniambia namwonea wivu mtoto wa marehemu. Ananipenda na anakupenda wewe, na ana haki ya kuchukia.

Kinachoniumiza siyo Bakari. Ni kwamba sina uhakika. Huenda mlango ule ulikuwa ndio wenyewe na haufunguki tena. Huenda wale watu wangekuwa na macho, wangemwambia siku ya kwanza tu, kijana ondoa mguu, kimbia, na wangefanya kwa dakika tano kitu ambacho mimi nitahangaika nacho mwaka mzima. Nimempima kwa jicho lililokuwa linakulilia wewe. Ulisema lako halina haki. Na langu je? Hukuniambia hilo. Ulikufa kabla sijakuuliza, na nimechoka kukuuliza mambo nikiwa kwenye foleni ya lifti, watu wananitazama.

Sasa nikuage, maana gari la mzigo linakuja kuchukua na hizi katoni hazitajishusha zenyewe.

Jezi yako ilirudishwa kwa Bakari baada ya mechi, nami nimeichukua kwake. Alinitupia, lakini ninayo. Nitampelekea Shemeji Rukia nikija Dar, na siku hiyo nitapita kwako, nitakusalimu kwa karibu kama inavyotakiwa. Nadhir ataanza mechi ya kwanza ya kombe, hata wakinifukuza ukocha. Atavaa namba yoyote anayoitaka ila hiyo. Najua hataniangalia usoni. Na aninunie, ilimradi acheze.

Na hili ndilo ninalokuahidi, kaka yangu. Siku ile nitasimama pembeni ya uwanja na nitaanza kukutaja kabla filimbi haijapigwa. Nitakutaja akipata mpira, nitakutaja akiupoteza, Mansuri, Mansuri, kwa sauti ya kuaibisha, Wakongo waniite mwendawazimu na Bakari aondoke na kiti chake. Nitakutaja hadi koo likauke. Jina lako nimelichukua mimi, ili mwanao akimbie.

Lala salama, kaka.

Wako,
Hamza