Kisu ya upande moja

Ngezi, hapa Bunia, siku ya tano, mangaribi. Mvua imeacha, matope imefika mpaka mulangoni. Asubuhi nilianza kuandika nikafuta, muchana nikafuta tena. Sasa ninaandika tu, juu nikikaa bila kufanya kitu nitalia, na leo nimeshalia ya kutosha.

Ninataka kuandika juu ya kisu. Ndiyo, kisu. Mwenye kucheka acheke.

Wenye kusoma hapa tangu zamani wanajua miye ni mutu wa miche. Nyuma ya nyumba yetu niko na pepinyere ndogo, mifuko ya plastiki yenye udongo, na ndani miche ya avoka, wengine wanaita parachichi, iliyoota kwa mbegu. Kazi yangu ni kukata kichwa ya muche na kuweka pale kijiti ya muti mwingine, ule wenye kuzaa vizuri. Watu wa agronomie wanaita greffage. Baba, ambaye alinifundisha, alikuwa anaita kuoza. Anasema kijana anaozwa kwa binti, na kijiti inaozwa kwa muche. Na ikikataa kushika, anaangalia ile kitu nyeusi, anasema basi, hii nayo imeoza. Alikuwa anacheka peke yake na hiyo neno kila mara, hata kama siye tumeshachoka nayo.

Kwa kuoza miti unahitaji kisu, na siyo kisu yoyote. Kisu ya jikoni imenolewa pande mbili. Ukiisukuma inakimbilia ndani ya muti, kidonda inabaki na shimo katikati, na kijiti haigusane vizuri na muche. Kisu ya kazi yetu imenolewa upande moja tu, upande ya pili iko sawa kama meza. Unavuta mara moja, haurudilie. Ukirudilia umeharibu.

Ile ya Baba nilitembea nayo miaka kumi na mbili. Ya kukunja, mupini ya pembe nyeusi, inaingia mu mufuko ya koti yangu ya kazi bila kuonekana. Nilikatia nayo kamba, sabuni, miwa, hata kucha za Mama, kiisha naipangusa na kuinoa. Watu wengine wakiamuka wanatafuta simu. Miye nilikuwa ninagusa mufuko.

Iliondoka wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimepeleka Mama ku hospitali ya Nyankunde juu ya macho yake, na tulikuwa tunarudi. Siku hizi masasi ya bunduki imenyamaza, tunasema kuko amani, na tunaisema kwa sauti ya chini. Lakini bariere ziko bado. Kwa moja yazo askari kijana akatushusha wote mu taxi, akawa anauliza mutu kwa mutu: «Uko na arme blanche?»

Nilitoa kisu mwenyewe. Nikamwambia, chef, hii ni ya kazi ya miti. Akaikunjua, akaikunja, akaniuliza miti gani, nikamuambia avoka. Alikuwa karibu anirudishie. Ninaapa, mukono yake ilishaanza kunyooka.

Mama akaona ninachelewa, akafikiri wananisumbua. Akasogea na fimbo yake, akasema kwa heshima yote: «Mwanangu, hii siyo blanche. Angalia muzuri, iko nyeusi.»

Mama hakusoma kifaransa. Anajua tu blanche ni nyeupe. Hakujua kama arme blanche ni kila kitu yenye makali, hata ikuwe na mupini ya rangi gani. Abiria wote wakacheka, shofere akacheka mpaka akashika tumbo, na yule kijana akafikiri bibi muzee anamuchezea mbele ya watu. Uso ikafunga. Kisu ikaingia mu mufuko yake, na siye tukaambiwa tupande gari.

Njiani Mama aliniuliza alisema nini kibaya. Nikageuza uso ku dirisha.

Nilijipa moyo. Nikasema kisu ni chuma tu, nitapata ingine. Kiisha ikafika siku ya yenga, siku ya misa.

Siku ya yenga Muhindo, ndugu yangu mwana wa baba mudogo, alituma furushi kwa mufanyabiashara mumoja wa kwetu mwenye kupandisha mizigo mpaka hapa. Muhindo alibakia kule upande wa Beni, siye tulikimbia. Ndani ya furushi kulikuwa majani ya ndizi, ndani ya majani kitambaa yenye maji, na ndani ya kitambaa vijiti kumi na mbili ya avoka. Avoka ya Baba. Ile aliyopanda mbele ya nyumba mwaka nilizaliwa, ile tulimuzika chini yake. Muhindo akapiga simu. Akasema wale wenye kukaa mu shamba yetu sasa wameikata, wanachoma makala, mukaa ya kupikia. Yeye alipita pale na njia ingine, akaokota matawi ya juu kabla haijakauka.

«Hakuna ingine, dada,» akasema. «Hiyo ndiyo yote.»

Kijiti kama ile inaishi siku ine, tano, ukiwa na bahati wiki. Na miye sikuwa na kisu.

Siku ya kwanza nilijaribu na kisu ya jikoni. Niliinoa ku jiwe saa nzima. Vijiti tatu zikapotea, kidonda zote na shimo katikati, kesho yake zilikuwa nyeusi kama kiberiti iliyoungua. Siku ya pili nikachukua wembe. Wembe ni kali lakini haina mugongo, ikavunjika ndani ya muti na kunikata kidole ya gumba. Mbili zingine zikaenda na damu yangu.

Siku ya tatu nikaenda soko. Nikakuta muuza vyombo vya chuma, nikamwambia: ninatafuta kisu ndogo, kali sana, ya kukaa mu mufuko.

Niliposikia mudomo yangu inatoa hiyo maneno, nilikuwa nimeshachelewa. Mutu yule akaacha kupanga makufuli yake. Akaniangalia uso, kiisha akaangalia viatu, na nilijua anasikiliza kiswahili yangu kujua ninatoka wapi. Wamama wawili wenye kuuza sahani pembeni wakageuka kutuangalia.

«Ya kufanyia nini, mama?»

«Ya avoka.»

«Avoka inaombaka kisu kali vile?»

Mu hii muji yetu kila nyumba iko na mutu wake ambaye kisu ilimupitia. Sikuwa na haki ya kukasirika. Nilieleza mambo ya greffage mbele yao wote, ninatoka jasho, mpaka mama mumoja akasema aah, hata muganga wa mimea kwetu alikuwa anafanya vile. Hapo yule muuza vyombo akaniuzia moja ya kukunja, ya kungaa, yenye mukasi na kifungulio ya chupa na hata ka-tochi. Nzuri kwa macho. Nyumbani, kwa muti ya kwanza, ubapa ikaanza kucheza ndani ya mupini kama jino ya mutoto. Vijiti mbili zikaenda.

Siku ya ine jirani, ni infirmière ku hospitali, alinipatia bisturi mupya, kisu ya kupasulia wagonjwa. Nilifurahi sana, nikasema Mungu amenikumbuka. Bisturi ni ya nyama. Kwa muti inajipinda. Mbili zingine.

Zikabakia tatu.

Sasa niandike kitu ambayo sikutaka kuandika. Jana, kisha ile ya bisturi, Mama alikuja nyuma ya nyumba na fimbo yake kuniuliza kama inaendelea. Nilikuwa nimekaa chini mu matope. Nilimwambia: «Ni weye uliacha wachukue kisu. Ni weye unamufanya Baba akufe mara ya pili.»

Nilisema vile kwa mama yangu, mwenye macho ya kuona nusu.

Akageuka, akatafuta njia na fimbo, akaingia nyumba. Mangaribi hakukula. Leo asubuhi alikunywa chai, na alipovaa sandali kamba ikakatika. Nikachukua ile sandali nikaipeleka kwa mushona viatu, kule kartie ya Lumumba. Nilitaka tu kutoka mu nyumba.

Mushona viatu ni muzee mufupi, mukali kidogo, anakaa chini ya bâche, turubai ya bleu. Sikuwa hata ninamuangalia. Alitoa kitu mu mufuko ya shati, akaikunjua, akakata kipande ya mupira ya gurudumu kwa kuongeza sandali. Mara moja. Mukono ilienda kutoka huku mpaka kule bila kusimama, na mupira ikafunguka na uso laini, laini kabisa.

Nikachuchumaa karibu yake.

Nikamwomba anionyeshe ubapa. Alisita, kiisha akaigeuza tu, bila kuiacha. Alikuwa ameitengeneza yeye mwenyewe, kwa ubapa ya musumeno wa kukata chuma, na mupini ya muti wa mugwava iliyofungwa na waya ya shaba. Fupi kama kidole yangu ya katikati. Imenolewa upande moja.

«Papa, niuzie hii.»

«Haiuzwi.»

«Nipe kwa leo tu.»

«Mama, miye sipatiake mutu kisu,» akasema. «Hii ilikaa mu mufuko yangu miaka yote ile ya mubaya na haikugusa mutu. Sasa nikupe weye, nikujue wapi?»

Nilifungua mukono nikamuonyesha kidole yenye kukatika. Nikaanza kueleza, avoka, Baba, makala, vijiti tatu, na mu katikati ya maneno nikaanza kulia, mutu muzima, mbele ya wateja wawili na viatu zao mu mukono. Nilisikia haya sana. Nilifikiri atanifukuza.

Akamaliza kushona ile sandali mpaka uzi ya mwisho. Kiisha akasema, bila kuniangalia: «Kwetu walichoma yote. Miye sikubakia hata na kijiti.»

Akakunja kisu, akaiweka chini kati yetu. Hakunipa mu mukono. Hata kwetu hatupatiane kisu mukono kwa mukono, ni kuleta ugomvi. Inawekwa chini, na mwenye kuihitaji anajiokotea. Nikaiokota.

«Nitajitengenezea ingine,» akasema. «Enda, zisikauke.»

Nilirudi Ngezi karibu kukimbia, mvua ikanikuta njiani. Ninaandika hii polepole juu bado inaniuma: hii kisu ndiyo yenyewe. Miaka yote sikujua kama kuko nzuri kuliko ya Baba, na iko. Inakaa mu kiganja bila kukufinya. Haina uzito. Nilijaribu kwa tawi ya mugwava, ikapita na kuacha uso yenye kungaa kama sahani. Mutu wa kazi yangu anaweza kutafuta kisu kama ile mpaka uzee na asiione.

Nikafungua kitambaa. Nikakata ya kwanza, mukato safi kabisa, safi kuliko yote niliyofanya maisha yangu, na ndani ilikuwa kahawia. Imekufa, pengine tangu jana. Nikakata ya pili. Kahawia.

Nilikaa pale na kisu nzuri kuliko zote za Bunia, na kijiti moja.

Sikuweza kukata. Nilikunja kisu, nikaikunjua, nikaikunja tena. Ndipo nikasikia fimbo nyuma yangu. Mama akachuchumaa, polepole, magoti yake inalia. Akapapasa mpaka akapata muche, akaushika chini na vidole viwili, vile alikuwa anashikia Baba zamani. Miye nikamuomba musamaha. Akasema: «Kata kwanza.»

Nikakata. Kijani. Kijani ya kweli, na maji ndani. Nikafungua muche, nikaingiza, uso kwa uso, hata ukucha haingeweza kupita katikati. Mama alishika, miye nikafunga na plastiki, raundi kwa raundi mpaka juu. Tulipomaliza aliniuliza: «Itashika?»

Nikamwambia sijui. Sikuwa na nguvu ya kumudanganya.

Sasa ninakaa mbele ya ule muche. Plastiki imefunika yote, na ndani imeshaanza kutoa jasho, hauone kitu. Ni kungoja wiki tatu. Ukifungua mbele ya wakati upepo unaingia, na hata kama ilikuwa imeanza kushika, umeiua kwa mukono yako. Ninajua. Nimefundisha watu wengi hiyo.

Na kisu iko mu mufuko yangu, kali vile, na kila mara nikipita pale mukono inaenda yenyewe. Nikate raundi moja tu ya plastiki, niangalie, nifunge tena. Nimeitoa mara mbili tangu mvua iache.

Mama analala kule ndani, leo amekula. Nimuachie yeye kisu, aifiche mahali sitaiona? Ao niache kuwa muoga, nitembee nayo wiki tatu nzima bila kuikunjua mbele ya Baba?