Firigisi Iliyonipita

Dada Ayuma,

Hujambo huko Lumakanda? Hapa Buyangu mvua haiachi, nami nimeanza kunenepa. Daktari anasema uboho wa mifupa ulionitolea umeshika, sasa unanitengenezea damu. Nikajitia kimbelembele kumweleza Mjomba kwamba damu yangu yote sasa ni yako.

Jana akanichinjia kuku. Nilipoinyoshea mkono firigisi, heshima ya mgeni, akanizuia: "Wewe ngoja! Hiyo damu ni ya msichana, na firigisi inakulwanga na wanaume." Akaila yeye, polepole, akinihurumia.

Nikirudi nitakuchinjia jogoo. Firigisi utaila wewe, nami nitashiba.

Nakupenda hadi ndani ya mifupa, ambayo pia sasa ni nusu yako.

Kaka yako,
Shikuku